Mapine ya nyuma yanalika upande mmoja: ugonjwa ambao paralelismu ya mbele haiponyeshi

Katika magaraji ya Bukavu, Goma, Uvira na Butembo, kuna malalamiko ambayo kila fundi amekwisha kuyasikia. Shofere ananunua mapine mawili, anayafungisha nyuma, na mbele miezi mitatu haijaisha upande wa ndani umekuwa laini kama kiganja. Upande wa nje, meno yangali mapya. Ukitazama gari ikiwa imesimama kando ya barabara, huoni kitu. Siku ya kuinua gari kwa kriki, ao siku pine inapasuka, ndipo nyuzi za chuma zinaonekana.

Kisha lawama inaanza. Wa kwanza kulaumiwa ni muuzaji: mapine ni ya okazioni, ao ni ya bei rahisi, ndiyo maana hayadumu. Wa pili ni kwado, kwamba alipompa vibaya. Mwenye gari naye anamlaumu shofere, kwamba anapita juu ya mawe bila huruma kwa sababu gari si ya kwake. Mwishowe gari inapelekwa kwa paralelismu. Fundi anapima mbele, anarekebisha mbele, anapokea pesa yake. Mapine mengine yanawekwa nyuma, na yanakulwa tena pale pale.

Sababu ni kwamba magurudumu ya nyuma nayo yana pembe zake, na katika safari hiyo yote hakuna mtu aliyezipima.

Milimetre tatu tu

Wengi wanafikiri kwamba gurudumu la nyuma linafuata tu. Volani inageuza ya mbele, na kwa gari ndogo nyingi ni magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Basi nyuma kuna nini cha kupima? Mazoea hayo yana asili yake. Magari ya zamani, na malori hadi leo, yana esie moja nzito nyuma inayoshika magurudumu mawili pamoja, na esie ya namna hiyo haina mahali pa kurekebisha. Lakini Carina ao Corolla ya miaka ya 1990, ao RAV4, si lori. Nyuma yake kila gurudumu linashikwa peke yake kwa mabrasi, na mabrasi hayo yanaungwa kwa buloni na mipira midogo ambayo mafundi wanaita silanbloki. Brasi moja ikipinda kidogo, ao mpira mmoja ukichoka, gurudumu linageuka bila volani kuguswa.

Linageuka kiasi gani? Kidogo sana, na hapo ndipo hesabu inashangaza. Chukua pine yenye kipenyo cha sentimetre 60, ukubwa wa kawaida kwa gari ndogo. Ikiwa sehemu yake ya mbele imeenda upande milimetre 3 kuliko sehemu ya nyuma, jicho haliwezi kuona kitu. Lakini kwa kila kilometre moja ambayo gari inakwenda mbele, pine hiyo inasukumwa upande metre 5. Inazunguka, ndiyo, na wakati huohuo inakwaruzwa juu ya lami kama kifutio juu ya karatasi. Teksi inayofanya kilometre 100 kwa siku, siku 6 kwa juma, inakwaruza pine hiyo kilometre 3 nzima kila juma. Hakuna mpira unaovumilia kazi hiyo, hata ule wa bei kali.

Mafundi wanasema gurudumu "limefunga" wakati sehemu yake ya mbele inaelekea ndani ya gari, na "limefungua" wakati inaelekea nje. Magari mengi yametengenezwa ili nyuma ifunge kidogo sana, kwa sababu gari inayofunga nyuma inatulia katika mwendo. Kipimo chenyewe kinatoka kwa kiwanda, na kila aina ya gari ina chake.

Kuna jambo moja ambalo limewapotosha mafundi wengi wenye uzoefu. Tuseme brasi ya kuume imepinda na gurudumu la kuume limefungua milimetre 6, huku la kushoto likiwa limenyooka kabisa. Mtu angengojea pine ya kuume ilike peke yake. Sivyo inavyokuwa. Gari haichagui kufuata gurudumu moja. Inakwenda kati ya njia mbili, na kosa linagawanywa: milimetre 3 huku, milimetre 3 kule. Mapine yote mawili yanalika karibu sawa. Fundi anayeona hivyo anasema, kama yote mawili yamelika pamoja, basi ni ubaya wa mapine. Brasi iliyopinda inabaki mahali pake.

Uzito na resori iliyochoka

Pembe ya pili ni ile ya kulala kwa gurudumu, karosaje. Ukisimama nyuma ya gari iliyobeba mizigo na kuona juu ya magurudumu kunaingia ndani na chini kunatoka nje, kama miguu ya mtu aliyesimama akiitanua, hiyo ndiyo karosaje. Kidogo si ubaya. Magari mengi yalitoka kiwandani hivyo. Ikizidi, uzito wote unakaa juu ya ukingo wa ndani wa pine.

Magari mengi yanayotembea katika miji yetu ni Toyota zilizotumika kwanza Japani. Zilitengenezwa kwa kubeba watu watano kwenye lami. Huku zinabeba watu saba, magunia ya unga nyuma, na wakati mwingine bidoni za mafuta ya ngazi juu ya magunia. Resori inasinyaa. Siku mzigo unashushwa, gari hairudi tena kwa urefu wake wa zamani. Na kwa magari yenye mabrasi, kushuka kwa gari kunabadilisha yote mawili kwa mara moja: gurudumu linalala, na linageuka pia. Karosaje peke yake inakula pine polepole. Karosaje pamoja na kufungua inaikula kwa haraka, na daima upande wa ndani, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Kuna mafundi wanaoweka kipande cha mpira ao cha mbao ndani ya resori ili kuinua gari. Gari inainuka kweli, lakini resori haiwezi tena kufanya kazi yake, na mshindo wote unaenda kwa amortisere na kwa bodi. Resori mbili za okazioni zilizo sawa ni dawa iliyo bora. Zote mbili: ukibadilisha moja, gari inainama upande.

Barabara nayo ina sehemu yake. Goma inatembea juu ya mawe ya Nyiragongo, na mitaa iliyofunikwa mwaka wa 2002 na sehemu zilizoguswa mwezi wa 5 mwaka wa 2021 zina mawe yanayokata mpira kama kisu. Bukavu ina mashimo yake na vilima vyake. Mshindo mmoja mkali wa gurudumu la nyuma ndani ya shimo, wakati gari imejaa, unatosha kupinda brasi. Shofere anashuka, anatazama janti, anaona haikupasuka, anaendelea. Brasi iko chini, imejaa matope, hakuna anayeiona.

Vitz haina cha kufungua

Gari si sawa, na fundi anayesema "nyuma hairekebishwi" anasema kweli kwa gari fulani na anadanganya kwa gari nyingine.

Kwa Carina, kwa Corolla ya zile za sanduku nyuma, kwa RAV4, kuna mahali pa kurekebisha. Nyingine zina buloni yenye kichwa cha duara ambacho hakikukaa katikati. Ukiizungusha, brasi inasukumwa. Nyingine zina brasi ya kurefushwa ao kufupishwa kwa ekru mbili. Shida ni kutu. Buloni iliyokaa miaka 20 ndani ya silanbloki inashikamana na chuma cha ndani cha mpira, na hapo fundi anachukua moto. Moto unafungua buloni, ni kweli, lakini unachoma mpira pia. Anayechoma ajue kwamba silanbloki hiyo imekufa na lazima ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kwa Vitz na gari ndogo nyingi za namna yake, nyuma kuna chuma kimoja kipana kinachounganisha magurudumu mawili na kinachojipinda kidogo wakati gari inaruka. Huko hakuna buloni ya kurekebisha. Kipimo kikiwa kibaya, ni chuma kilichopinda, ao mahali gurudumu linapofungwa pamepinda, ao silanbloki mbili za mbele ya chuma zimekwisha. Mafundi wengine wanaweka kipande chembamba cha chuma kati ya chuma hicho na mahali pa rulema ili kugeuza gurudumu. Ni njia inayojulikana hata katika nchi nyingine, kama kipande kimekatwa vizuri na kimekaa sawasawa. Wengine wanapasha chuma moto na kukinyoosha kwa nyundo. Hiyo ni hatari. Chuma kile kilitengenezwa kwa nguvu maalumu, na moto unaiondoa. Kununua kingine cha okazioni ni bora, lakini kipimwe nacho mbele ya kufungwa: kimetoka kwa gari iliyokatwa, na mara nyingi gari inakatwa kwa sababu iligongwa.

Kwa Hiace, Hilux, Land Cruiser ya malame na malori, mambo ni mengine kabisa. Huko esie ni moja, nzito, na ni vigumu kupinda. Lakini imekalishwa juu ya malame, na inashikwa na brido zenye umbo la herufi U. Katikati ya malame kuna buloni moja ndogo ambayo kichwa chake kinaingia ndani ya tundu la esie ili isihame. Gari inazidishiwa mzigo, malame yanacheza, brido zinalegea, na siku moja buloni ile inakatika. Kuanzia hapo esie inaweza kurudi nyuma upande mmoja, sentimetre moja, mbili, na gari inatembea upande kama kaa.

Ajabu ni kwamba katika hali hii mapine yanaweza kudumu bila kulika sana, kwa sababu magurudumu mawili ya nyuma yangali yanaelekea upande uleule. Ni gari nzima inayokwenda pembeni. Shofere anashika volani ikiwa imegeuka ili gari ikwende mbele, anazoea, anasahau. Anayefuata nyuma yake ndiye anayeona wazi kwamba gari inatembea huku bodi inaelekea kando ya barabara. Hii ni mbaya kuliko mapine yanayolika. Esie iliyohama inavuta mpira wa frena, inalazimisha kardani, na siku ya kufunga frena kwa nguvu kwenye mteremko, hakuna anayejua itasimama wapi.

Kuipima hakuhitaji mashine. Volani iwekwe sawa, kisha kamba ivutwe kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kuume. Urefu mbili zinapaswa kulingana. Zikitofautiana kwa sentimetre moja ao mbili, kuna kitu kilichohama. (Wazee waliofanya kazi kwenye Renault 4 watacheka hapa: ile ilitoka kiwandani ikiwa na upande mmoja mrefu kuliko mwingine kwa karibu sentimetre 5, na haikuwa na ugonjwa wowote.)

Mkono unaona mbele ya jicho

Mtu asiye fundi anaweza kugundua mengi kwa kiganja chake. Gari ikiwa imesimama na imezimwa, apitishe mkono juu ya meno ya pine ya nyuma, kutoka ndani kuelekea nje, kisha kutoka nje kuelekea ndani. Atazame kwanza kama hakuna nyuzi za chuma zilizotoka, maana zinakata. Ikiwa mkono unateleza vizuri upande mmoja lakini unakwaruzwa ukirudi, kama mtu anayepapasa msumeno, gurudumu limefunga ao limefungua kupita kiasi. Wakati pine ingali na meno yake yote, alama hiyo imekwisha kuwapo.

Pine iliyolika upande wa ndani tu, bila kukwaruza, inaonyesha zaidi kulala kwa gurudumu. Iliyolika pande zote mbili na kubaki nzima katikati ilikuwa inatembea bila hewa ya kutosha. Iliyolika katikati tu ilipompwa kupita kiasi. Yenye mabonde mabonde, hapa chini, hapa juu, kuzunguka pine yote, mara nyingi ni amortisere iliyokufa: gurudumu linarukaruka, na kila linapoanguka linakula kidogo. Kwa gari inayovutwa na mbele, kufunga kubaya kwa nyuma kunaweza pia kuchora mistari ya kukingama juu ya pine, kwa sababu nyuma ni nyepesi na gurudumu linakwaruzwa kwa vipande vipande.

Mapine ya namna hiyo yanapiga kelele. Kuanzia mwendo wa kilometre 50 kwa saa, ndani ya gari unasikika mngurumo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo, na karibu kila mara watu wanasema ni rulema. Rulema mpya inanunuliwa, inafungwa, mngurumo unabaki. Kuna jaribio la dakika 15 linalookoa pesa hiyo: kuhamisha mapine ya nyuma mbele na ya mbele nyuma, kisha kuendesha. Kelele ikihamia mbele, rulema haina kosa.

Na kuhusu hewa, kipimo hakiko kichwani mwa kwado. Kiko juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa shofere. Kwa gari za Japani maneno hayasomeki kwa wengi wetu, lakini hesabu zinasomeka: 220 kPa ni kusema bari 2,2. Gari inayobeba mzigo mzito inahitaji kuongezwa kidogo nyuma.

Uzi, matofali na uvumilivu

Mashine za kupima magurudumu manne kwa mwangaza ziko katika miji mikubwa, na mwenye kuweza kuifikia afanye hivyo. Aulize swali moja tu mbele ya kulipa: je, utapima manne, ao mbele tu? Mashine hizo zinaweza kutoa karatasi yenye vipimo vya mbele ya kazi na vya baada ya kazi. Karatasi hiyo ni yake, aidai.

Lakini kazi hii inafanyika kwa uzi pia, na watu wa mashindano ya magari wangali wanaifanya hivyo duniani. Mahali pawe tambarare kweli, jambo ambalo huko Bukavu si rahisi kupata. Mapine yawe na hewa iliyo sawa. Gari isukumwe mbele metre chache, isipimwe mara tu baada ya kushushwa kwenye kriki, kwa sababu magurudumu yanakuwa hayajakaa. Volani inanyooshwa na kufungwa. Kisha uzi unavutwa kila upande wa gari, kutoka mbele hadi nyuma, kwa urefu wa katikati ya magurudumu, juu ya matofali ao vyuma vinne.

Sehemu inayohitaji uvumilivu ni kunyoosha nyuzi zenyewe. Umbali kutoka uzi hadi katikati ya gurudumu la mbele la kushoto uwe sawa na ule wa la mbele la kuume. Na nyuma vilevile, kushoto sawa na kuume. Umbali kati ya uzi na uzi nao uwe sawa mbele na nyuma ya gari. Mbele na nyuma hazilazimiki kulingana na katikati ya magurudumu, maana magari mengi yana upana tofauti. Nyuzi zikisha kukaa, fundi anapima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa janti, kisha hadi ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali na uzi kuliko ule wa nyuma, gurudumu limefunga. Ukiwa karibu, limefungua. Gari isukumwe mpaka magurudumu yazunguke nusu, na vipimo virudiliwe, kwa sababu janti iliyopinda inadanganya.

Njia hii inashinda ile ya fimbo ya chuma inayopimwa kati ya gurudumu na gurudumu. Fimbo inatoa jumla tu. Kama la kushoto limefunga milimetre 4 na la kuume limefungua milimetre 4, fimbo inasema sifuri, yaani vizuri, huku gari inakwenda pembeni. Uzi unaonyesha kila gurudumu peke yake.

Utaratibu wa kazi unaanza nyuma. Kwanza silanbloki, rulema na amortisere zikaguliwe, maana hakuna maana ya kupima gurudumu linalochezacheza. Kisha nyuma irekebishwe. Mbele inakuja mwisho, kwa sababu ni nyuma ndiyo inayoamua gari inaelekea wapi. Fundi anayeanza mbele na kuacha nyuma ikiwa mbaya anapata volani iliyopinda, na katika magaraji fulani dawa yake ni kutoa volani na kuirudisha ikiwa imenyooka. Mteja anaondoka na furaha. Gari haikuguswa. Na kwa gari zenye airbagi, kung'oa volani ovyo ni kucheza na kitu kinachoweza kulipuka usoni.

Kuhusu silanbloki, kuna kosa dogo linaloharibu kazi nzuri. Mipira hii inajipinda kila mara brasi inapanda na kushuka. Ukikaza buloni gari ikiwa juu ya kriki, magurudumu yananing'inia, na mpira unafungwa katika hali hiyo. Gari ikishushwa, mpira unabaki umesokotwa usiku na mchana, na unapasuka haraka. Buloni zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake. Kuhusu silanbloki zinazochongwa kutoka kwa mapine ya zamani ya lori, zinasaidia kufika nyumbani. Ni ngumu sana, hazijipindi, na tundu lake ni vigumu kukaa katikati kabisa. Gurudumu linakuwa limegeuka tangu siku ya kwanza.

Nani analipa

Hesabu inaeleza kwa nini ugonjwa huu unadumu. Kwa mfano, tuseme pine ya okazioni inanunuliwa dola 30. Mawili kila miezi mitatu ni dola 240 kwa mwaka, kwa nyuma tu. Lakini dola 60 zinatoka kidogo kidogo, na kwa kila mara kuna sababu ya kusema ni bahati mbaya. Silanbloki, brasi ya okazioni na kazi ya fundi zinaombwa kwa siku moja, pamoja na siku ambayo gari haifanyi kazi. Shofere anayepaswa kumletea bosi pesa ya siku hataki kupoteza siku. Bosi ambaye haoni chini ya gari hataki kutoa pesa kwa kitu ambacho hakipigi kelele. Kati ya wawili hao, mapine yanaendelea kununuliwa.

Abiria ndio wanaolipa sehemu nyingine. Mazoea ya mashofere wengi ni kuweka mapine mazuri mbele na yaliyochoka nyuma, kwa sababu mbele ndiko kuna volani. Watengenezaji wa mapine wanashauri kinyume: yaliyo mazuri yakae nyuma. Mbele ikiteleza juu ya maji, shofere anasikia ndani ya volani na anapunguza. Nyuma ikiteleza, hakuna onyo. Gari inageuka yenyewe, na mikono michache inaweza kuirudisha. Kwenye kona za Ngomo kati ya Bukavu na Kamanyola, ao kwenye mteremko wa Kabasha upande wa Lubero, wakati wa mvua, pine ya nyuma isiyo na meno upande wa ndani ni jambo ambalo abiria hakuliona alipopanda.

Ndani ya mifereji ya pine kuna vinundu vidogo vya mpira, vyenye urefu wa milimetre 1,6. Meno yakilingana na vinundu hivyo, pine imekwisha, hata kama upande mwingine ungali mzuri. Mnunuzi wa okazioni atazame pia ubavuni hesabu ya tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2314 maana yake juma la 23 la mwaka wa 2014. Na apapase upande wa ndani kama alivyofundishwa juu, kwa sababu pine inayouzwa sokoni mara nyingi imetoka kwa gari iliyokuwa na ugonjwa huohuo.

Baada ya matengenezo, mngurumo hauishi siku hiyo. Pine iliyokwisha kuchongwa kama msumeno inabaki na umbo lake. Kama meno yangalipo, kwado anaweza kuigeuza juu ya janti ili izunguke upande mwingine, isipokuwa ile yenye mshale ubavuni, na barabara itailainisha polepole. Kwa Hiace na malori, brido zilizokazwa leo zirudiliwe baada ya siku chache za kazi, gari ikiwa imebeba mzigo, kwa sababu malame mapya yanakaa na ekru zinalegea.